Kanyaga, Shikilia, Achia

Jumanne, 13 Mei

Mwandiko kama kuku kachakura. Lakini nisipoandika nitazunguka uani mpaka Apa, mama mkwe, aniulize nina nini.

Breki zimeniacha! Mteremko wa kuja darajani, natoka mjini, magunia ya unga nyuma, Begayim kando yangu anaimba. Nakanyaga — pedali inazama tu, laini, kama nimekanyaga uji. Nikakanyaga tena, haraka haraka, ikashika kidogo. Gia ya pili. Ya kwanza — jipu likapiga ukelele. Handbreki nikaivuta mpaka bega likauma. Tukaenda tukajiegemeza kwenye ukingo wa udongo, taratibu, kama mlevi na ukuta wake. Tukasimama.

Begayim akacheka. "Mama, tena!"

Ana miaka mitano. Alidhani ni mchezo.

Nimekuja mpaka nyumbani kwa gia ya kwanza, punda wananipita. Apa sijamwambia. Mama mkwe akisikia mjukuu wake nusura aingie mtoni, funguo za jipu nitazisikia kwenye hadithi tu. Nimemwambia Ata, baba mkwe, peke yake. Alikuwa ameketi kwenye benchi la uani, kofia yake nyeupe kichwani, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo aliowekewa na mtu mwingine. Ndivyo ulivyo tangu kiharusi cha mwaka juzi. Maisha yake yote dereva, kisha basi — siku moja tu, hawezi hata kuzungusha ufunguo.

Hakushtuka. Aliuliza pedali ilizama polepole au ghafla.

Nikasema ghafla, ila nilipopampu ikarudi.

"Upepo umeingia kwenye breki," akasema. "Na mahali fulani panavuja. Usilitoe gari mpaka nikwambie."

Usilitoe! Na mimi hesabu yangu yote imekaa juu ya gari hilo.


Jumatano, 14 Mei

Sikulala vizuri. Nimekamua ng'ombe, nimekanda unga, nimefua, nimefagia uani mara mbili. Apa kasema leo nina shetani wa usafi.

Afadhali niandike wazi, daftari hili halisomwi na mtu. Ninaondoka. Mume wangu Kubat yuko Urusi mwaka wa tatu. Simu zilipungua, zikawa za sikukuu, zikawa za "mpe Mama." Wakati wa baridi nikasikia kisimani kwamba kaoa huko, mullah alikuwepo, watu walikula. Hakuna aliyeniambia usoni. Wiki iliyopita Apa alinitamkia huku anapepeta mchele, hata hakuinua macho: Kubat anakuja Jumapili ya tarehe ishirini na tano, na "yule mwenzako" anakuja naye, kutambulishwa. Tuchinje kondoo. Wewe utabaki kelin mkubwa, mke wa mwana wa nyumba hii, hakuna atakayekuondolea heshima yako.

Heshima! Yaani nimkaangie mke mwenzangu maandazi, nimmiminie chai, halafu wao warudi Urusi na mimi nibaki na ng'ombe.

Kaka yangu Jyrgal yuko Kochkor, ng'ambo ya mlima. Nilimpigia simu. Akasema njoo, kitanda kipo, ila yeye asije kunichukua kwa sababu akija yeye itakuwa vita vya koo mbili. Kweli. Na madereva wa hapa kijijini wote ni ukoo wa Kubat. Hakuna atakayenipakia na mtoto na cherehani bila kumpigia Apa simu kwanza. Imebaki jipu.

Na jipu halisimami!


Alhamisi, 15 Mei

Ata kaniamuru nitoe tairi la nyuma kulia. Nimepiga jeki, nimeweka mawe mbele na nyuma ya matairi mengine, gogo chini ya ekseli. Yeye anaonyesha kwa fimbo. Nimetoa ile dramu ya breki kwa kuigonga gonga mpaka ikaachia — vumbi jeusi likanijaa puani. Ndani, pedi zimelowa. Kile kisilinda kidogo kinachosukuma pedi kinavuja mafuta. Mipira yake imechoka, inamegeka kama mkate wa juzi.

"Ndio huyo mwizi," akasema Ata.

Nikamwuliza kama haifai kumwita fundi. Akanitazama. Fundi wa karibu ni binamu yake Kubat, na ulimi wake ndio usio na breki kabisa. Sikusema hivyo. Ata naye hakusema. Akasema tu: "Tutalitengeneza hapa hapa. Wewe na mimi."

Apa akatokea dirishani. Kelin kulala chini ya gari na mguu umetokeza nje, watu wanapita! Ata akamjibu mguu huo umevaa suruali na soksi mbili, wapite tu.


Ijumaa, 16 Mei

Batma eje, dada Batma wa jirani, kaenda sokoni na kurudi na mipira mipya, pedi na mikebe ya mafuta ya breki. Ata aliagiza mikebe ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Batma kaniletea mwenyewe, kakaa, kanywa chai, kaangalia jipu lililoinama na kunitazama mimi.

"Kuna wanaosema breki hizi ni za kupandia malishoni mwezi ujao," akasema. "Na kuna wenye akili."

Nikammwagia chai mezani. Akacheka, akafuta kwa kitambaa cha kichwa chake mwenyewe. Mumewe alikufa zamani, hana wa kumwogopa. Sijui kama ni mtu wa kuaminiwa. Sijui! Mchana kutwa nimejiuliza.

Kisilinda nimekifungua, nimekisafisha, nimetia mipira mipya. Vidole vya Ata havikuweza, vyangu viliweza. Alikuwa anapumua karibu na sikio langu. "Usikikwaruze ndani. Kilainishe kwa mafuta ya breki kwanza, hayo hayo, sio grisi." Nimefanya. Sifa hakunipa. Amesema "haya."


Jumamosi, 17 Mei

Skrubu za kutolea upepo zimeganda. Kila gurudumu lina yake, nyuma ya bati, ndogo kama jino la mtoto. Kutu tupu. Nimezimwagia mafuta ya taa, nimezigonga polepole pande zote kama Ata alivyosema, ningoje, nimwagie tena. Kungoja! Mimi wa kungoja leo?

Apa kanipa kazi ya kupiga chokaa ukuta wa chumba cha wageni. Chumba chao. Nimepiga. Nimekipiga chokaa vizuri kabisa, sijui kwa nini.


Jumapili, 18 Mei

IMEKATIKA. Ya mbele kushoto. Nilikosa subira, nikatia bomba juu ya spana nipate nguvu, Ata akapaza sauti "Usi—" na tak! Kichwa cha skrubu kikabaki ndani ya spana.

Nikakaa chini udongoni nikalia. Mbele yake. Sijawahi kulia mbele ya Ata, hata siku ile ya habari za Kubat sikulia.

Akatoa sigara, akanipa kiberiti nimwashie, maana mkono wake hauwezi. Tukakaa. Baadaye akasema ukitumia nguvu ya hasira kwenye chuma chenye kutu, chuma hushinda, hana shida na mimi, hata yeye amezikata nyingi. Kisha: "Kwa Batma kuna jipu la marehemu. Linaota nyasi. Kisilinda chake cha mbele ni sawa na hiki."

Wiki ijayo siku kama hii Kubat atakuwa ameketi kwenye benchi hili.


Jumatatu, 19 Mei

Kwa Batma, nyuma ya zizi. Jipu la mumewe halina vioo, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Tumelala wawili chini yake, mimi na yeye, wanawake wazima, tunacheka kama wasichana. Yeye anashika tochi, mimi nafungua. Skrubu ya huku ikalegea kwa mguso tu! Nikapiga yowe, kuku wakaruka. Kisilinda kizima nimekuja nacho, nimekifunga kwenye jipu letu.

Tulipotoka Batma akanipangusa mgongo. "Mimi sikuwa na pa kwenda," akasema. Basi. Akageuka akawafukuza kuku.

Naona ni mtu wa kuaminiwa.


Jumanne, 20 Mei

Leo tumetoa upepo. Au tumejaribu.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Mmoja juu kwenye pedali, mmoja chini kwenye gurudumu na spana. Juu anapampu pedali mpaka igumu, anashikilia. Chini anafungua skrubu kidogo, mafuta yanatoka kwa mrija wa plastiki na kuingia kwenye kichupa, na upepo unatoka pamoja nayo, mapovu mapovu. Anafunga. Ndipo tu wa juu aachie. Akiachia mapema, upepo unanyonywa ndani tena na kazi yote ni bure. Unaanza na gurudumu la mbali, nyuma kulia, unamalizia na la karibu na dereva.

Ata juu — mguu wa kushoto ni mzima. Mimi chini.

Basi ni mimi wa kutoa amri! Mimi, kelin. Mke wa mwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Jina lake silitamki, hata ningeulizwa na polisi ningeomba kalamu niandike. Miaka yote hii nimeongea naye nikitazama kitambaa cha meza. Leo nianze kumwambia kanyaga?

Nikasema, "Tafadhali Ata, kanyaga."

Kimya.

"Ata, tafadhali, ukiweza, shikilia."

Nikafungua — akawa ameachia tayari. Hewa ikavutwa ndani, nimeisikia kabisa, fyuu. Tukarudia. Tena hivyo hivyo. Mara ya tatu akagonga bati la gari kwa fimbo, sikio langu likazibuka.

"Kelin! Unanong'ona nini huko kama unaposa? Nipigie kelele! Chini ya gari hakuna adabu!"

Nikavuta pumzi.

"KANYAGA!"

"Nimekanyaga!"

"SHIKILIA!"

"Nimeshikilia!"

Nikafungua. Mafuta meusi yakatoka kama chai iliyochacha, na mapovu mengi. Pedali ikazama, nikafunga.

"ACHIA!"

"Nimeachia! Hivyo! Ndio hivyo, binti!"

Binti. Sio kelin. Sijui kama alisikia alichosema.

Tumeenda hivyo gurudumu zima. Begayim uani anatuiga, anamwamrisha mbwa kanyaga, shikilia. Apa akatoka na mwiko mkononi: mnasikika mpaka mtoni, baba wa watu anaamrishwa kama punda! Ata akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Mama Kubat, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba hii mtu ananiamuru na naelewa anataka nini."

Nilicheka mpaka mafuta yakaniingia jichoni. Yanauma hayo! Nimeosha kwa maji mengi.


Jumatano, 21 Mei

Magurudumu yote manne. Kila mara Ata anauliza kimo cha mafuta kwenye chombo cha juu — kikikauka, upepo unaingia upya kutoka juu na tunaanza moja. Nimekuwa nikipanda na kushuka kama mbuzi. Mwishoni mafuta yametoka safi, rangi ya asali, bila povu hata moja. Pedali imesimama juu, ngumu. Nimeikanyaga mwenyewe. Nimeikanyaga na kuikanyaga.

Nikasema, "Basi, imekwisha."

Ata: hapana. Ilale. Kesho tutaangalia.

Nikasema kuna haja gani, imeshika.

"Ilale."

Siku ile skrubu zilowe, leo pedali ilale. Kila siku ana sababu mpya! Wazo limenijia nikiwa nateka maji na limekataa kutoka: ananichelewesha. Anajua, na anavuta siku, mpaka Jumapili ifike na mwanawe aingie langoni, na mimi niwe bado hapa na spana mkononi. Ni mwanawe wa kiume wa pekee. Kwa nini anisaidie mimi?

Nimevunja bakuli. Apa hakunigombeza, na hilo limenitisha zaidi.


Alhamisi, 22 Mei

Siku ndefu.

Asubuhi nimekanyaga pedali kabla hata ya kuwasha moto wa chai. Imeshuka! Sio mpaka sakafuni, lakini imeshuka. Nikaingia chini kwa magoti. Nyuma kulia, pale mpira wa breki unapoungana na bomba, tone moja. Nikalipangusa, likaja jingine.

Ata akaja na fimbo yake. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Kwa kusimama uani lisingekuua," akasema. "Kule Dolon lingekuua."

Dolon ndio kilele cha kwenda Kochkor. Kwenda malishoni hatupiti Dolon.

Nimemfikiria vibaya mtu huyu mchana kutwa wa jana.

Kiungo nimekikaza, kikaendelea kutoa jasho. Nikatoa, nikaweka washa mpya ya shaba, kile kiduara cha kuziba, nikakaza. Kavu. Ikabidi kutoa upepo upya kwenye gurudumu lile. Mimi chini, yeye juu. Apa alikuwa amekwenda kuchagua kondoo wa Jumapili, Begayim kaenda naye.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia," akasema. Halafu, kwa sauti ile ile: "Unaondoka lini?"

Spana mkononi. Kutoka chini nilikuwa naona kiatu chake tu, kimekaza juu ya pedali, na pedali inazama polepole na mguu unaifuata. Sikumwona uso na yeye hakuniona. Nadhani ndio maana aliuliza pale.

Nikafunga skrubu.

"Achia."

Akaachia.

"Jumamosi," nikasema.

Nikasikia anatafuta sigara, anaikosa.

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Mama yake Kubat atakufa," akasema. Sio kwa hasira. Kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Nikasema, Ata, mimi nikibaki nitakufa vilevile ila hakuna atakayegundua, nitakuwa napika. Ndivyo nilivyosema! Maneno yametoka yenyewe, nimelala chali, mafuta yananidondokea shingoni.

Akasema: "Kanyaga umeshasema?"

"Bado."

"Basi sema."

"KANYAGA!"

Tukamaliza. Hakurudi kwenye habari ile tena. Nilipotoka nikamwashia sigara, akaniuliza kama naweza kushuka Dolon bila kukalia breki. Nikasema sijui. Akasema kesho nitajua.

Jioni, Apa kakaa na mimi tukisokota nyuzi. Anajua. Sijui nani kamwambia, labda ukuta. Kasema bila kunitazama: kelin akitaka kwenda, mlango haujafungwa kwa kamba. Lakini mtoto ni damu ya nyumba hii. Mtoto haendi. Kisha mikono yake ikasimama. "Mwanangu nilimpa soksi na mkate akaniambia narudi kwa mavuno," akasema. "Mavuno mangapi? Na huyu naye nimfungie mkate?"

Nampenda Apa, nadhani. Hiyo ndiyo taabu.


Ijumaa, 23 Mei

Majaribio. Pedali asubuhi: juu, ngumu, haijashuka hata unywele. Viungo vyote vikavu, nimevipangusa kimoja kimoja kwa karatasi nyeupe.

Ata akapanda kando yangu. Ni mara ya kwanza kutoka na jipu lake barabarani tangu augue. Apa alisimama mlangoni kamshika Begayim mkono. Ameanza kumshika hivyo tangu jana.

Kwanza uwanjani, polepole. Kanyaga. Likasimama. Haraka kidogo. Likasimama, halikuvuta upande wowote. Kisha akaninyooshea fimbo: barabara ya mlimani.

Tumepanda mpaka theluji ya pembeni ikaanza kuonekana. Tukageuza. Kushuka akaniambia nitie gia ile ile niliyopandia na niuache mguu wangu upumzike, injini ishikilie, breki niiguse tu kabla ya kona. "Usiikalie kama kiti. Ukiikalia inapata moto, na ikipata moto mafuta yanachemka, na yakichemka umerudi kukanyaga uji." Lori likaja na kondoo, likatusukuma ukingoni, chini huko mto kama uzi. Nikakanyaga. Jipu likasimama pale pale, kama kigingi! Vumbi likatupita.

Nikamtazama. Usoni, machoni, kwa muda. Macho yake ni ya kijani kidogo — sikuwahi kujua.

"Apa hatakubali," nikasema.

"Apa ni wangu," akasema. "Wewe shughulika na gari."

Nikauliza, na Kubat akifika?

Akafikiri. Akasema Kubat alipokuwa kijana alimfundisha kazi hii hii, wa juu na wa chini, na kila mara Kubat alikuwa anaachia kabla ya kuambiwa. Alimpiga kofi, alimbembeleza, alimnunulia pipi. Anaachia tu. "Nikadhani ni utoto."

Akacheka peke yake, vibaya, kisha akafuta jicho kwa mkono ule mzima.

Tukarudi. Nimefunga cherehani kwenye blanketi. Nguo za Begayim chini ya nguo zangu. Nimeagana na ng'ombe, upuuzi. Nakaa, nasimama, nakaa.


Jumamosi, 24 Mei

Naandika juu ya usukani. Injini inanguruma, herufi zinatikisika.

Kubat kapiga simu asubuhi: wameshafika Bishkek, mji mkuu. Hawangoji kesho. Wanakuja leo, watapanda gari la rafiki yake, mchana wako hapa. Apa akaanza kulia na kucheka, akaniita nikamate kondoo. Nikasema, Apa, mimi naondoka sasa hivi. Nikalisema hivyo, neno likasimama katikati ya chumba.

Akamnyakua Begayim akaingia naye chumba cha ndani, akafunga kwa komeo.

Niligonga. Niliita. Begayim akasema "Mama, Bibi anabana," kisha akanyamaza, kapewa kitu atafune. Nikarudi nyuma nivunje mlango kwa bega, kweli nilitaka, Ata akanishika mkono. Mkono wake wa kulia, ule usioshika! Haukuwa na nguvu ya kumzuia kuku, nikasimama.

"Nenda ukaliwashe," akasema. "Pakia vitu. Pampu breki mara chache uzisikie."

Nimepakia cherehani. Nimepakia mkate aliouleta Batma — yuko langoni, kafungua mbao zake zote mbili, kasimama na fagio kama askari, anatazama barabara. Breki ziko juu. Mafuta yako kwenye alama. Nimeangalia chini ya gari, pakavu.

Nasikia sauti ya Apa. Inapanda. Maneno siyapati yote: mwanangu, damu yangu, unamtoa mwenyewe kwa mikono yako. Sauti ya Ata siisikii kabisa. Hajawahi kumpandishia sauti, na hata leo hapandishi.

Batma kaniambia kuna vumbi kule darajani. Kisha kasema labda ni kondoo tu.

Mguu uko juu ya pedali. Nimeutoa. Nimeurudisha.

Apa kanyamaza.

Nashindwa kujua kama kunyamaza huku ni kuzuri. Nahesabu madirisha ya nyumba. Ningeshuka — hapana, kasema nishughulike na gari.

Mlango umefunguka. Ni Ata, peke yake. Anatembea kwa fimbo, polepole, mguu mmoja unachora mstari udongoni. Kwapani ana kitu. Buti za Begayim, zile nyekundu za mpira. Na koti lake.

Amezifikisha. Hakunitazama. Kaweka buti chini ya kiti cha kando, moja moja, zimetazama mbele, kaweka koti juu ya kiti. Batma kutoka langoni anasema sio kondoo, ni gari, liko mbali bado.

"Usizime," Ata kaniambia.

Kageuka. Anarudi ndani kumfuata Begayim.